Mshika Kifuniko wa Flashi ya Taifa

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila siwezi kulitaja, kwa sababu jina hilo limo ndani ya flashi, na flashi isipochomekwa nchi yetu huwa haina jina. Mipaka yetu nayo imo humo. Ndiyo maana majirani hutuuliza mara kwa mara kama tupo, nasi huwajibu wasubiri umeme urudi.

Nayasema haya mapema nisije nikasingiziwa. Mimi sina ugomvi na mtu. Serikali yetu naipenda, na hata nisingeipenda ningesema naipenda, kwa hiyo hakuna tofauti. Kama yuko mheshimiwa atakayeisoma hadithi hii akashtuka na kujiuliza, "Jamani, mimi nimo?" basi namjibu kabla hajajisumbua: humo. Neno hilo alielewe atakavyo.

*

Zamani, kabla ya maendeleo, kumbukumbu za nchi zilikaa kwenye majalada, na majalada yalikaa kwenye makabati ya Wizara ya Kumbukumbu. Wakaja mchwa. Mchwa wa kwetu ni wa ajabu: walikula majalada ya viwanja vya wanyonge, wakaruka majalada ya pensheni za mawaziri, kisha wakarudi tena kwenye viwanja. Tume ya uchunguzi ilikaa, ikala, ikanywa, ikaamua kwamba mchwa hawana hatia, kwani walichokula kilikuwa kimekwisha pitwa na wakati.

Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dakta Kisogo, wakati huo alikuwa ng'ambo kwenye semina. Aliporudi alikuwa amevaa flashi shingoni, nyekundu, inaning'inia kwenye utepe ulioandikwa jina la hoteli. Ilikuwa ya bure, kila mshiriki aligawiwa. Sisi hatukujua. Tulidhani ni nishani.

Tukaitwa uwanjani. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akaishika flashi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akainyanyua juu.

"Ndugu wananchi! Taifa zima limo humu! Mito imo! Milima imo! Ng'ombe wenu wamo! Bibi zenu waliokufa wamo, wametulia! Kuanzia leo aliyemo, yumo. Asiyekuwemo, hayumo. Na asiyekuwemo humu, ndugu zangu, hayupo popote!"

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likapanda. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mheshimiwa, je, ikipotea?" Akachukuliwa kwenda kujibiwa. Sura yake sasa siwezi kuieleza, maana hayumo tena, na nikisema nilimwona nitakuwa mwongo.

*

Mama yangu anaitwa Bi. Sikudhani. Alikuwa na kiwanja mtaa wa Mikwajuni, nyumba ya vyumba viwili na kishamba cha mihogo nyuma, alichoachiwa na mama yake. Wananchi walipoitwa kuhakiki kama wamo, alifunga kanga mpya, akapanga foleni mpaka akafika dirishani. Nilikuwa naye.

"Hujambo mwanangu," akamwambia karani. "Mimi ni Sikudhani binti Mfaume, wa Mikwajuni. Hebu nitazamie, nimo?"

Karani akabonyeza, akajikuna shingo, akasema bila kuinua uso, "Humo."

"Humo?"

"Humo, mama."

"Humo humo?"

"Humo kabisa."

Mama akapiga kigelegele palepale dirishani. Njia nzima alikuwa akiwaambia watu, "Wameniona! Nimeuliza mara tatu, kijana kaniambia humo humo!" Akapika mihogo ya nazi, akawaita majirani wale. Nami nilijua maana yake? Sikujua. Jina langu lilikuwemo bila taabu yoyote. Nilikuwa napanga chumba kwa watu, sina kitu cha kunyang'anywa, na watu wa aina yangu waliandikwa wa kwanza.

Siku chache baadaye wakaja mafundi na mabati ya uzio. Walianza kwa kung'oa mihogo.

"Nyie! Mnang'oa mihogo yangu!"

"Ya nani, mama?" akauliza msimamizi wao.

"Yangu! Mimi nimo! Nimeambiwa kwa mdomo, humo!"

Yule msimamizi alicheka mpaka akakaa chini juu ya bati. "Mama weee! Humo ndiyo humo! Wewe! Hu-mo! Hayumo yeye, humo wewe! Ulipiga vigelegele vya nini?" Na wenzake wakacheka, na jirani mmoja aliyekula mihogo ya nazi naye akacheka, akijifanya anakohoa.

Ndipo likaja gari jeusi, kioo kikashuka, akachungulia Mheshimiwa Dakta Kisogo mwenyewe.

"Kuna nini hapa?"

"Unanichukulia kiwanja changu, baba," mama akasema.

"Hapana, hapana. Kiwanja hiki hakina mtu. Mimi ni mcha Mungu, ningemkuta mtu nisingekigusa."

"Na mimi je?"

Alimtazama kuanzia kanga mpaka miguu, kama unavyotazama kioo kilichofutwa vizuri, unaona ya upande wa pili tu.

"Wewe hupo," akasema. Akapandisha kioo.

Mama akahamia chumbani kwangu na godoro lake na sufuria mbili. Mikwajuni ikaota ghorofa la rangi ya krimu. Mama hakulia. Alikaa siku nyingi akitazama ukuta, halafu asubuhi moja, anachambua mchele, akasema, "Somoe."

"Abee mama."

"Kiwanja kinaniuma. Lakini kinachoniua ni kile kioo. Nataka mtu amwambie yeye neno lile lile, nami niwepo niuone uso wake."

"Sawa mama," nikasema. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nyoka aliye shimoni hachokonolewi. Unakaa mlangoni kwake, unasuka mkeka wako.

*

Redio ikatangaza nafasi ya kazi serikalini: Mshika Kifuniko. Flashi ya Taifa ilikuwa na kifuniko chake, na ikichomekwa kwenye kompyuta kifuniko hubaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi katika nchi yetu huibwa. Akatakiwa raia mwema, mwenye mikono mikavu, na elimu yake isizidi darasa la saba, ili hata akiyaona yaliyomo asiyaelewe.

Nilihojiwa na watu watatu. Wa kwanza Mheshimiwa Kisogo. Wa pili Bwana Kapungu, Mkurugenzi wa Kuchomeka, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kumpa bosi wake habari mbaya tangu azaliwe. Wa tatu Afande Chubwa wa Idara ya Usalama, aliyevaa miwani myeusi ndani ya nyumba.

"Binti, kompyuta unaijua?" akauliza Kapungu.

"Kwa sura, bosi."

"Ukiona siri ya serikali utafanya nini?"

"Nitajuaje kama ni siri?"

Wakatazamana kwa furaha.

"Ukipewa kitu mkononi," akauliza Afande, "unaweza kukaa nacho kwa muda gani bila kuuliza swali?"

"Mpaka mwenyewe atakaponikumbuka."

"Mchukueni," akasema Kisogo. Jina langu hakuniuliza. Tangu hapo aliniita Kifuniko. "Kifuniko, sogea." "Kifuniko, njoo." Nami niliitika, "Abee mheshimiwa," nikamwangalia shingo.

Kazi ilikuwa nzuri. Nilipewa kiti, mto mwekundu wa kuwekea kifuniko, na gauni la kijani lisilonienea. Kila zamu ya wizara yetu ilipofika, Kapungu alichomeka flashi mbele ya bendera. Jaribio la kwanza ilikataa. Akaigeuza, ikakataa. Akaigeuza tena, ikarudi vilevile ilivyokuwa mwanzo, ikaingia. Hakuna aliyejua kwa nini, ila Mheshimiwa hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bila hotuba.

"Hii ndiyo falsafa ya uongozi," akawaambia waandishi wa habari. "Mwananchi akikataa, mgeuze. Akikataa tena, mgeuze. Mwishowe ataingia, na atasahau kwamba yuko vilevile alivyokuwa mwanzo." Shule zote zikaamriwa kukariri.

*

Kompyuta ile ilikuwa imewekewa Kiswahili, kwa uzalendo. Siku ya kwanza Kapungu alipotaka kuitoa flashi, kioo cha kompyuta kikaandika: Ondoa kifaa kwa usalama.

Kapungu akarudisha mkono kama aliyegusa pasi. Akaita Waziri. Waziri akasoma, akatoa leso, akajifuta kipara.

"Kwa Usalama," akanong'ona. "Imesema kwa Usalama. Mnaona? Hata mashine inajua nchi hii inaendeshwaje. Mwiteni Chubwa!"

Afande Chubwa akaja, akasoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno.

"Nani aliyeiambia kuhusu sisi?" akauliza.

"Hakuna, afande. Imejua yenyewe."

Afande akaitazama kompyuta kwa heshima ambayo hajawahi kumpa binadamu. Akasimama wima, akachomoa flashi, akaipigia saluti.

Basi ikawa sheria. Mheshimiwa Kisogo aliiandika kwa mkono wake, akaisoma bungeni huku akilengwalengwa na machozi: yeyote atakayechomoa flashi bila Usalama, atakosa haki ya kukumbukwa. Wabunge wakagonga meza. Mmoja aliuliza kama haitoshi kufungwa jela. "Aliyefungwa," akajibu Kisogo, "mama yake anaweza kumpelekea chakula. Mimi nataka mama yake amwone barabarani, aulize, huyu nani?"

Sheria nzuri, shida yake ni kwamba Afande Chubwa alikuwa na watu wengi wa kufuatilia. Flashi ikichomekwa, ilikaa. Tulikuwa tunamngoja wiki nzima aje achomoe, na wizara nyingine zote zinaingoja flashi ziipate kwa zamu yao. Maharusi walikaa nusu wameoana. Watoto waliozaliwa katika kipindi hicho waliitwa wageni, wakatakiwa wasizidishe muda. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, kifuniko juu ya mto wake. Mwenye subira hula mbivu, wanasema, lakini hawasemi kwamba mbivu nyingine ni ya mtu.

*

Ikavuma kwamba Mtukufu Mwenye Nchi anatafuta Makamu, na kwamba ataichomeka flashi Ikulu kwa mkono wake mwenyewe asome historia ya kila waziri.

Mchana wake Mheshimiwa Kisogo akaingia chumba cha flashi anatoka jasho. Usalama hawakuwepo, walikuwa mkutanoni. Tulikuwemo Kapungu na mimi.

"Nifungulie ya kwangu," akamwambia Kapungu.

Ikafunguka. Akaanza kusoma kwa sauti, maana alikuwa wa wale ambao wakisoma kimya hawasikii.

"Darasa la saba, alirudia. Akarudia. Akaacha... Udaktari, wa mifugo, hakuhitimu, mifugo ilikufa... Nani aliyaandika haya?"

"Mchwa waliyaacha, mheshimiwa."

"Futa."

"Nifute lipi, mheshimiwa?"

"Lote! Mfute Kisogo yule, umweke huyu!" Akatoa mfukoni flashi nyingine, ya bluu. Humo alikuwa amejiandalia historia mpya: picha za kutosha kuta zote za wizara, kwaya tatu, na filamu ya kuzaliwa kwake iliyoigizwa upya, yeye mwenyewe akiigiza mtoto.

Kapungu akabonyeza. Kisogo wa zamani akafutika mara moja, kama unavyopangusa meza. Kisogo mpya akaanza kuingia. Mzigo ulikuwa mzito. Pale kwenye kioo mstari wa kijani ukawa unatambaa kama konokono aliyebeba kabati, na kitaa cha flashi kikawa kinapepesa, pepe, pepe, pepe, mbele ya macho yetu sote watatu.

Simu ikalia. Ikulu. Gari liko mlangoni, Mtukufu anataka flashi sasa hivi.

"Imefika wapi?" Kisogo akauliza.

"Inaendelea vizuri sana, mheshimiwa," akasema Kapungu.

"Nauliza imekwisha?"

"Kwa upande wako, mheshimiwa, mambo yako yamekwisha."

Honi ikapigwa nje. Akanigeukia. Tangu niajiriwe hakuwahi kuniuliza jambo.

"Kifuniko! We unaonaje?"

Kitaa kikapepesa. Nikamtazama mheshimiwa machoni, nikamwona mama amesimama juu ya mihogo yake.

"Mimi ni wa darasa la saba, mheshimiwa," nikasema. Kisha, kwa kuwa ni raia mwema, nikaongeza, "Ila Usalama hawajafika."

"Usalama ni mimi!" Akaikamata flashi, akaichomoa kwa nguvu kama jino.

Nikampa kifuniko. Nilikuwa nimekwisha kigeuzia upande wake, asije akapoteza muda.

*

Ikulu, flashi haikufunguka. Kompyuta ya Mtukufu iliandika: Kifaa hakitambuliki. Mtukufu akauliza nani huyo hatambuliki katika nchi yake, akairudisha flashi wizarani pamoja na neno moja la kwamba itengenezwe kabla hajalisahau jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona serikali inavyoweza kufanya kazi ikiogopa. Ikaundwa Kamati ya Kupuliza. Wajumbe waliipuliza flashi kwa zamu, kulia kwenda kushoto, kwa kufuata vyeo; naibu waziri mmoja alipuliza kabla ya zamu yake akapewa onyo. Wakaifuta kwenye shati la pamba. Wakaifuta kwenye shati la mtu mwaminifu, lakini kumpata kulichukua muda. Wakaizika ndani ya mchele, kwa sababu mke wa katibu mkuu alisikia kwamba mchele hufyonza; wakapika mchele ule kwa bahati mbaya, flashi wakaikuta kwenye sahani ya mhasibu. Wakaigongagonga mezani, wakaianika juani, wakaisomea dua, wakaiombea sala, wakaikemea.

"Ina kirusi," akasema Kapungu.

"Basi atafutwe mtu anayeongea Kirusi!" Kisogo akapiga meza.

Akaletwa mkalimani. Alikaa na flashi asubuhi nzima, akiibembeleza kwa lugha ile, akatoka akasema inaelewa ila haina la kujibu. Akalipwa.

Mimi nilikaa kitini. Nilikuwa nimekwisha timiza wajibu wangu wa kiraia: nilimwandama Afande Chubwa kwenye korido, nikamwambia flashi imechomolewa, nao Usalama wenyewe hawana habari. Alivua miwani yake. Sijui kama kuna mtu mwingine nchini aliyewahi kuyaona macho yale. Yalikuwa yameumia, kama ya mtoto aliyekuta sherehe yake imefanywa bila yeye.

Siku ya kutengeneza ilipangwa hadharani, uani mwa wizara, ili wananchi waone uwezo wa serikali. Mama alikuja, akasimama nyuma ya kiti changu. Kapungu akachomeka, akageuza, akageuza. Kifaa hakitambuliki. Ndipo umeme ukakatika. Watu wakasema "Aaah!" kama kawaida. Ukarudi, kompyuta ikajiwasha upya yenyewe, flashi ikafunguka. Shirika la umeme, ambalo siku zote hutuharibia, siku hiyo lilitutengenezea, na nasikia walioko zamu waliadhibiwa.

Kila kitu kilikuwemo! Mito imo, ng'ombe wamo, marehemu wametulia. Kisogo akanyanyua mikono, watu wakapiga makofi.

"Nitafute mimi!" akaamuru. "Wasomee wananchi historia yangu!"

Kapungu akaandika. K, I, S, O, G, O. Akabonyeza. Akasoma kimoyomoyo, akasogea hatua moja mbali na bosi wake.

"Vipi?"

Kapungu akasogea hatua nyingine. "Inaendelea vizuri," akasema, lakini safari hii hakusema mheshimiwa.

Afande Chubwa akainama akasoma kwa kidole. "Hakuna kilichopatikana."

Yule wa zamani alifutwa, na yule mpya alichomolewa kabla hajaingia. Afande akanigeukia.

"Binti, flashi hii ilichomolewa na nani?"

"Na mtu mmoja, afande."

"Yuko wapi?"

"Ningesema ndiye huyu, afande. Ila naona kompyuta inasema hayupo, nami siwezi kubishana na serikali."

*

Sheria ile ya Kisogo ilikuwa na kifungu kimoja cha huruma, alichokiweka ili wafadhili wafurahi: raia mmoja tu aliyemo kwenye flashi akijitokeza na kusema "namkumbuka", mtu anarudishwa.

"Bwana Kapungu," akauliza Afande, "unamkumbuka mtu huyu?"

"Nilikuwa namwona hapa wizarani," akasema Kapungu. "Nilidhani ni mgeni wako."

"Dereva?"

Dereva alikuwa amekwisha ondoka na gari.

"Wananchi! Yupo anayemkumbuka?"

Watu walikumbuka viwanja vyao, wakamsahau yeye. Walitazama mawingu, walitazama kucha. Msimamizi wa mafundi, yule aliyekaa juu ya bati akicheka, akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Kisogo akanijia. Magoti yake yaligusa mto wangu mwekundu.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "sema unanikumbuka. Neno moja tu. Kile kiwanja cha Mikwajuni, kile cha mama yako, nakirudisha leo. Pamoja na ghorofa. Naapa kwa Mungu."

Kumbe alijua. Siku zote alijua kiwanja ni cha nani.

Mama alisikia. Nilihisi mkono wake begani, unanibana. Mtu aliyelala chini kwenye chumba cha mwanawe msimu wote wa mvua haringi.

"Somoe, mwanangu," akanong'ona, "kiwanja ni kiwanja."

Hapo nilibanwa kweli. Yale niliyoyakalia kitini siku zote zile yalikuwa ya mama, na mama mwenyewe sasa alitaka nyumba. Nikamtazama Kisogo.

"Unataka nikukumbuke," nikasema. "Mimi naitwa nani?"

"Kifuniko," akajibu haraka.

"Hilo ni la kazini."

"We si... yule binti..."

"Na mama yangu je? Huyu hapa nyuma yangu. Uliongea naye kwenye mihogo. Anaitwa nani?"

Alimtazama mama. Safari hii alimtazama sawasawa, kwa bidii, akitafuta jina usoni mwake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Jasho lilimtoka. Midomo ikachezacheza. Hakuna kilichopatikana.

Mkono wa mama ukalegea. Ukaondoka begani kwangu.

"Mwambie," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikainuka, nikajipangusa gauni, nikamwambia Afande Chubwa kwa adabu zote, "Simkumbuki."

Mama alipita mbele ili auone uso wake. Hakuharakisha. Alisimama pale kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akautazama wote, paji, macho, mdomo uliobaki wazi. Kisha akasema, "Hupo, baba," akatoka.

*

Sheria ikafuata mkondo wake. Jela ilimkataa, haipokei wasiokuwepo. Flashi ikawekwa kwenye bahasha ya Usalama kama kidhibiti, isichomekwe tena mpaka kesi iishe, na kesi haiwezi kuanza kwa sababu mshtakiwa hayupo. Kapungu, Kaimu Waziri sasa, ana uchungu mkubwa na ghorofa la Mikwajuni, maana hawezi kujiandikishia. Halina mwenyewe. Mimi na mama tukahamia. Wakaja askari na amri ya kumtoa mama.

"Jina lako nani, mama?"

"Mimi simo."

Wakageuza karatasi, wakaigeuza tena. Amri ya kumtoa mtu lazima iwe na jina, na jina lazima liwemo. Wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka.

Jioni moja tulisikia mtu anagonga geti.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Wewe nani?"

Akagonga tena. "Nina njaa, mama."

"Jembe lipo," mama akasema. "Magugu yapo. Wewe tu ndiye hupo. Ingia."

Tulikuwa tumekwisha bomoa bustani ya maua, tumerudisha mihogo. Sasa analima, vibaya sana. "Weee usiyekuwepo!" mama humpigia kelele dirishani. "Unakata mihogo, magugu unayaacha!" Chakula humwachia juu ya ukuta, hamwambii chukua; yeye hukikuta tu hapo.

Jana nilikaa barazani namtazama. Jua lilikuwa kali, shati limemgandia mgongoni, viganja vimetoka malengelenge. Akasimama, akaegemea jembe, akanitolea tabasamu la kuomba.

Mama akaliona kutoka mlangoni. "Hivi wewe Somoe," akasema, "huna hata huruma?"

"Ninayo, mama," nikamwambia. "Ninayo tele. Akitokea mtu, nitampa."